Jitu la Darajani

Januari haina huruma na fundi cherehani. Mzazi wa hapa mtaani Mazwi hukumbuka sketi ya mwanawe shule zikishafunguliwa, kisha husimama mlangoni kana kwamba fundi ndiye aliyechelewa. Gaudiosa alikuwa ameshona tangu asubuhi, mgongo ukimuuma, na bado jioni hiyo alikaa kitandani na simu akitafuta hadithi ya mchezo.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa marehemu mumewe, Teodori. Kila Jumapili baada ya kanisa rafiki zake wawili walikuja, wakakaa mezani, naye akawasimulia safari: mko porini, mbele yenu kuna pango, mnafanyaje? Wao wakasema wanachofanya, wakarusha dadu, dadu ikaamua. Gaudiosa aliwapikia chai na kuwacheka. Watu wazima, wanapigana na mazimwi sebuleni! Sasa Teodori alikuwa kaburini tangu mvua za kwanza, na msiba una tabia yake: matanga yakishaanuliwa, kila mtu hushika njia ya kwake. Waliobaki ni hao wawili, Kashinje wa bodaboda na Herieth muuza mbegu, nao walikuwa wameanza kukaa kwenye ncha ya kiti, kama watu wanaoaga.

“Shemeji,” Kashinje alimwambia Jumapili iliyopita, “hebu jaribu wewe kusimulia. Ikishindikana, basi, tutakuwa tunapigiana simu.”

Gaudiosa aliijua simu hiyo. Huwa haipigwi. Na aliiogopa nyumba ile bila sauti za watu kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kwa hiyo alitafuta. Teodori hakuacha ramani hata moja. Alizitunga kichwani, na kichwa chake alikuwa ameondoka nacho. Mtandaoni hadithi za wanaoanza zilikuwa nyingi mno, zote za Kiingereza. Moja imejaa theluji. Nyingine inaanzia baa, na Gaudiosa mlevi hamtaki hata wa kwenye karatasi. Mwishowe alichagua ile fupi kuliko zote: jitu linalinda daraja, wasafiri wanapigana nalo, wanashuka vyumba vya chini ya ardhi, wanapata hazina. Aliisoma kwa kamusi, neno kwa neno, mpaka simu ikamwangukia usoni.

Hadithi hiyo na ramani yake alivichapisha steshenari. Binti wa pale aliigeuzageuza ramani. “Mama, hili shamba lina mgogoro?”

“Lina jitu,” Gaudiosa alijibu. Hakuwa na nguvu ya kueleza.

Jumapili ilipofika aliitandaza ramani mezani. Punje mbili za mahindi ndizo zikawa wasafiri. Jitu likawa kastabini yake, ile kofia ya chuma ya kuzuia sindano kidoleni. Wageni wakavuta viti.

“Mmefika darajani,” alisoma. “Jitu limesimama katikati, limewazibia njia. Lina umri wa miaka mia tatu.”

Kashinje alikuwa tayari na dadu mkononi. “Mia tatu?”

“Ndivyo ilivyoandikwa.”

Akaiweka dadu chini. “Basi shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu,” Gaudiosa akaitikia.

Mdomo ulikuwa umeitangulia akili. Herieth akaangua kicheko. “Umeharibu, dada! Sasa nani atampiga mzee aliyeitikia shikamoo yake?”

Ilikuwa kweli. Karatasi zilitaka vita, na vita haikuwezekana tena. Vyumba vyote alivyovikariri vikaenda na maji. Uchovu wa Januari nzima ukamshukia mabegani, akatamani waondoke tu, akalale.

Herieth aliacha kucheka. Aliinamia kile kikofia cha chuma. “Babu, unaishi na nani hapa?”

Gaudiosa alifunua kurasa, akarudia. Haikuandikwa popote.

“Peke yangu,” alisema. “Tangu mvua zianze.”

Mvua yenyewe ilikuwa ikipiga bati. Hakuna aliyemtazama.

“Lakini unapika?” Herieth aliuliza taratibu.

“Kupika napika. Kula ndiyo kazi.”

Kashinje alisogeza punje yake darajani, akaiweka ubavuni mwa jitu. Herieth akaweka yake upande wa pili.

“Mkivuka kuna hazina,” Gaudiosa alisema, kwa kuwa karatasi ilisema hivyo. Machozi yalikuwa yameshaanza kumlenga, na alikuwa amechoka mno kuyazuia.

“Leo hatuvuki,” alisema Kashinje. “Mzee, Jumapili ijayo tutakukuta?”

“Mtanikuta.”

“Basi siku hiyo usile mpaka tufike.”