Waya Mweusi Kwenye Chanya

Fundi wa maabara alikuwa mtu wa maneno, ukimpa sikio anaondoka nalo, lakini mchana ule ulimi ulimganda. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mtambo akifuta vumbi, ili kesho wageni wa mtihani wasije wakaona makao ya panya. Mkono ukagusa waya mweusi. Akaufuata kwa kidole mpaka mwisho. Umeingia kwenye chanya, mahali pa waya mwekundu.

Ndipo akakumbuka. Miaka minne nyuma waya mwekundu ulikwisha stoo, naye kusubiri hawezi. Akafunga mweusi mahali pake, kipande kifupi cha mwekundu kilichobaki, kisichofika chanya, akakitia kwenye hasi, akabandika karatasi ya kuwatahadharisha watu. Karatasi yenyewe ilikuwa sakafuni, imejikunja ndani ya utando wa buibui.

Lingekuwa jambo la kucheka, kama aliyeutumia mtambo huo miaka mitatu asingekuwa mpwa wake, mtoto aliyeachiwa na marehemu dada yake. Kesho binti alikuwa anatetea tasnifu yake. Alikuwa na kipande cha shaba, ukubwa wa ukucha. Ukikitazama kwa darubini kubwa ya mtambo huo, uso wake ni ngazi tupu, kila kidato unene wa atomi moja. Ukipitisha umeme, vidato vinahama. Vitabu vyote vinasema vidato vya shaba huenda kule elektroni zinakovisukuma, kama mchanga kwenye mtaro wa maji. Yeye akaona vyake vinapanda kinyume. Huo ndio uvumbuzi wake, kurasa mia mbili. Kumbe shina lake ni stoo kukosa waya. Alisoma rangi akaamini rangi, maana angeushuku vipi mkono wa mjomba? Kikulacho ki nguoni mwako.

Fundi akafikiri kunyamaza. Lakini siku moja mtu wa mbali atarudia jaribio lile kwa nyaya sahihi, na binti ataitwa mwongo mchana kweupe.

Mpwa wake akaingia na tasnifu inayonukia gundi. "Mjomba, soma hapa." Alimwita hivyo hata mbele ya maprofesa. Waliwahi kumwambia kazini hakuna ujomba, akaziba masikio. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: *Kwa mjomba, ambaye mkono wake haujawahi kuniangusha.*

"Kaa kwanza, mama," fundi alisema, akamweleza yote bila kuficha.

Binti hakulia. Alichukua mita ya umeme, akapima, akapima tena. Akafungua nyaya, akazibadilisha, akawasha. Wakakaa wote wawili mbele ya skrini, saa nzima. Vidato vikasitasita, kisha kimoja kimoja vikaanza kurudi, kule kule vitabu vilikosema.

"Nitakwenda kwa profesa mwenyewe," fundi alisema. "Nitamwambia kosa ni langu."

"Kupima ilikuwa kazi ya dakika moja, na sikupima. Nitakwenda mimi."

"Basi nisamehe."

Binti alinyoosha mkono, akaichukua tasnifu mapajani mwa fundi, akaifunga. Fundi akainuka kwa taabu, magoti yakilia, akaelekea kwenye swichi kama alivyofanya kila jioni.

"Acha," binti alisema, macho kwenye skrini. "Mtambo nitauzima mwenyewe, fundi."