Mikono ya Dakta Privatus Yaripoti Kazini

Saa moja na nusu asubuhi ya Jumatatu, mwaka 1979, muuguzi Domisiana alikuwa akichemsha sindano pale zahanati ya kijiji, mikono ya Dakta Privatus ilipoingia kazini bila mwenyewe. Ilipita chini ya mlango, ikapanda mezani, ikanawa kwa sabuni na kumwita mgonjwa wa kwanza kwa kidole.

Domisiana aliiandika kwenye daftari la mahudhurio. Ilikuwa imewahi.

Mwenyewe alikuwa kitandani, amelewa. Tangu arudi kutoka vitani Uganda, alikoshona watu usiku na mchana, alikuwa anakunywa hata spiriti ya kusafishia vidonda. Mikono yake ilitetemeka mpaka siku moja akamdunga Mzee Nshoma kwenye mfupa. Nadhani mikono ilichoka kuaibishwa. Ilipokuwa peke yake haikutetemeka hata kidogo.

Wagonjwa walibishana kidogo tu, kama mikono iamkiwe shikamoo. Wakakubaliana iamkiwe, ila wasisubiri marahaba.

Adelfina, mke wa Privatus, alidhani sasa mumewe ataacha pombe, maana angeshikaje bilauri? Alisahau kwamba upande wa Ngara pombe ya ndizi hunywewa kwa mrija. Majirani walikuja kumpa pole kila jioni, na pole haiji mikono mitupu. Jirani Kwandu, rafiki wa Privatus, ndiye aliyemwekea mrija mdomoni.

"Shemeji, unamuua," Adelfina alimwambia.

"Ah, mgonjwa nitamnyimaje?" Kwandu akajibu, akausukuma mrija ndani zaidi.

Privatus akawa wa manjano, akatapika damu. Adelfina akaandika barua wilayani kuomba mumewe apelekwe hospitali kubwa akatibiwe ulevi kabla hajafa. Baada ya wiki sita akaja mkaguzi na Landrova. Alikwenda moja kwa moja zahanati, akaitazama mikono ikidunga, ikifunga bandeji na kupapasa tumbo la mjamzito kwa adabu. Akalisoma daftari. Hakuna siku iliyokosekana.

"Ndugu, tatizo liko wapi?" akamuuliza Adelfina.

"Liko nyumbani, ndugu mkaguzi. Linatapika damu. Ni dakika tano tu, twende ulione."

"Mama, serikali iliajiri mikono. Hayo mengine ni ya familia." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vijiji kumi na vinne na petroli ya kufika vinane.

"Basi walau andika jina lake, kwamba anaumwa."

"Nikiandika hivyo atanyang'anywa leseni, na kijiji kitakosa daktari. Unataka hivyo?"

Wajawazito waliokuwa kwenye foleni walimkodolea macho Adelfina.

Mkaguzi akajaza fomu kwamba mtumishi ni mzima na anafaa kuendelea, akaisukuma mezani ili mhusika athibitishe. Mkono wa kushoto uliibana karatasi isipeperuke. Wa kulia ulichukua kalamu, ukasita kidogo, kisha ukatia sahihi vizuri sana.

Adelfina aliporudi nyumbani alimkuta mumewe macho, na siku hiyo alikuwa na akili zake.

"Wamesemaje?"

"Wamesema daktari ni mzima."

"Na mimi je?"

"Wewe hukutajwa."

Privatus akalia. Adelfina akakaa ukingoni mwa kitanda na kumfuta machozi na kamasi kwa ncha ya khanga, maana mwenyewe hakuwa na cha kujifutia.