Fausta Hajui Kuhesabu

Mwalimu Subira wa chekechea alimwita baba yake Fausta mara mbili, na mara zote mbili Athanasi akamtuma mkewe, Hilda. Mambo ya chekechea ni ya akina mama, alisema. Mara ya pili Hilda alirudi amenuna.

"Anakutaka wewe. Leo anapeleka majina ya darasa la kwanza, na la Fausta halimo. Eti hajui kuhesabu."

Hajui! Mtoto ambaye mkono wake ulishapita juu ya kichwa ukashika sikio la pili, kipimo cha kuanza shule tangu enzi na enzi! Athanasi aliacha tanuru lake la matofali kando ya mto Luhira, akaenda na udongo wake miguuni. Pale kwenye vibanda vya mitumba, vilivyoota mwaka ule kama uyoga, wanawake walimcheka waziwazi, mwanamume kwenda chekechea. Akaongeza mwendo.

Darasani watoto arobaini walikuwa wameketi kwenye mkeka. Mwalimu Subira, mgeni kutoka Tanga, alitoa kwenye kopo visoda kumi, vifuniko vya chupa, akavipanga sakafuni.

"Fausta, hesabu baba asikie."

"Mbili, nne, sita..." Fausta akamtazama mwalimu usoni, akanyamaza.

"Umeona, baba Fausta? Anaruka. Nikimsahihisha, anafunga mdomo siku nzima."

Athanasi aliona haya, maana kosa lilikuwa lake.

"Haruki, mwalimu. Sisi matofali tunarushiana mawili mawili kupanda tanuruni. Huyu ndiye karani wangu tangu ana miaka minne. Moja moja hajawahi kuisikia kwangu. Hebu mwaga kopo lote."

Mwalimu alisita, kisha akamwaga. Visoda vikatapakaa hadi mlangoni. Fausta alichuchumaa, akivigusa viwili viwili, midomo ikicheza. Athanasi alimfuata kwa macho. Akikosea hapa, ni mwaka mzima mwingine mkekani, na wenzake wamekwenda.

"Mia moja thelathini na saba," Fausta alisema.

Mwalimu akavihesabu mwenyewe, kimoja kimoja, taratibu. "Mia moja thelathini na sita. Umekaribia, mwanangu."

"Kimoja umekikanyaga, mwalimu."

Mwalimu Subira akainua kiatu. Kweli, kilikuwapo. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akachukua kalamu akaandika jina la Fausta palepale, la kwanza kabisa juu ya orodha. Athanasi alikuwa na fahari hata hakujua mikono aiweke wapi.

"Utakuja kila Jumanne," mwalimu alimwambia. "Uwafundishe na hawa wengine."

"Mimi? Niliishia darasa la pili, mwalimu."

Mwalimu aliwageukia watoto.

"Simameni. Msalimieni mwalimu wenu wa hesabu."

Watoto arobaini wakasimama, na sauti iliyozipita zote ilikuwa ya Fausta: "Shikamoo, mwalimu!"