Filta Juu ya Kabati

Filta ya zamani iligoma. Théogène aliizungushia mkanda wake wa suruali, akaukaza, akavuta. Mkono ukateleza na kidole kikachubuka kwenye chuma. Akakitazama kikitoa damu kama kidole cha mtu mwingine. Akavuta tena, filta ikalegea, na mazutu, ile dizeli ya injini, yakaanza kuchuruzika kwenye beseni.

Nyuma ya ile Hilux kuukuu, godoro na sufuria za Illuminée vilikuwa vimeshafungwa kamba. Mkewe alikuwa anahamia kwa mama yake, huko Mudende mlimani, na hakusema atarudi lini, maana hakuwa na nia ya kurudi. Msidhani kulikuwa na ugomvi. Wapi! Hakuna aliyeinua mkono, hakuna aliyefumaniwa. Binti yao Belise aliolewa Kigali, kazi ya Théogène ya kutengeneza injini za boti ikaisha, na maneno nayo yakaisha humo ndani. Jumapili, wakitoka kanisani, Illuminée alimwambia, "Papa Belise, mi nimechoka kuishi na ukuta."

Ukuta ukajibu, "Sawa."

"Eh, mzee!" Jirani yao, Rugema, alikuwa amechungulia juu ya ua wa mawe meusi. "We uko unatengenezea bibi gari ya kukukimbia nayo? Acha hiyo filta! Itazima pale kwa kona kama siku zote, atarudi mwenyewe kwa miguu."

"Mulima ni mukali," Théogène alisema. "Na gari iko na mizigo."

"Ni mutu gani wewe, lakini!"

Kuhusu kona, Rugema hakukosea. Mwaka huo wote, kila Illuminée alipopanda kufuata viazi, gari lilizima palepale kwenye kona ya mikaratusi, mlima unapoanza kukaza. Alikuwa akipiga simu: "Imezima." Naye Théogène alikuwa akipanda na spana na dumu la mazutu, anabonyeza pampu ya mkono mpaka injini iwake. Na hapo, ajabu, ndipo walipokuwa wakiongea. Illuminée alikuwa akinunua mahindi ya kuchoma, wanakaa juu ya jiwe, anamsimulia vituko vya sokoni, na Théogène anacheka, ndiyo, anacheka kwa sauti. Wakishafika nyumbani, kila mtu na kimya chake.

Sasa aliupaka mpira wa filta mpya mazutu, akaijaza filta, akaizungusha kwa mkono mpaka ikakaza. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa, akaanza kubonyeza pampu. Yalitoka mapovu, mapovu tena, kisha mazutu matupu. Akafunga. Pampu ikawa ngumu chini ya kiganja, akajua kwamba leo gari litapanda. Alingoja kama moyo wake utasema kitu. Haukusema.

Illuminée alitoka ndani akiwa amejifunga kitenge cha safari. Boksi la filta lilikuwa chini karibu na gurudumu. Akaliokota, akapitisha kidole kwenye vumbi lililoganda juu yake.

"Hii si ya leo."

"Ilikuwa kule juu ya kabati."

"Tangu lini?"

"Tangu viazi vya mwaka jana."

Illuminée aliligeuza lile boksi, akaligeuza tena. "Papa Belise. Ulikuwa nayo ndani ya nyumba, na ulikuwa unaniacha nizimikiwe na gari kwa kona?"

Hapo ndipo pa kusema. Jamani, hata yale mawe ya ua yalijua kwamba hapo ndipo pa kusema! Théogène akalitazama gurudumu.

"Ngoja nitoe jiwe," alisema, akainama kuondoa jiwe lililozuia gurudumu.

Illuminée akamtazama mgongo. Kisha akaingia kwenye gari, boksi likiwa bado mkononi mwake, akawasha.

Injini iliitika mara moja. Gari likatoka getini, likaingia barabarani, likaanza kupanda. Théogène alisimama uani akisikiliza. Gia ya pili. Likafika kwenye mikaratusi likiunguruma bila kukohoa, safi kabisa, kama alivyolitengeneza.

"Bon, iko sawa," alisema peke yake.

Kisha gari likanyamaza.

Alisubiri. Simu haikulia. Pampu ilikuwa ngumu, hewa ilikuwa imetoka yote, na gari lenye filta mpya halizimi hivihivi. Lazima mtu azungushe ufunguo kulizima.

Kichwa cha Rugema kikachomoza tena juu ya ua. "Si nilikuambia! Filta gani hiyo ulinunua?"

Théogène alichukua spana na dumu la mazutu, kama siku zote, akatoka getini. Alipoanza kupanda mlima, kile kidole kilichochubuka kikaanza kumuuma.