Pini Kwenye Uzi wa Kioo

Mkono wa fundi cherehani haujui kutulia. Ukiona uzi unaning'inia, lazima uukate au uubane.

Kitinda mimba wangu alianguka ngazini akipaka rangi dari, ubongo ukavimba. Hospitalini wakampasua, wakamlaza kwa dawa ya usingizi, wakamwachia kichwani uzi wa kioo, mwembamba kama wa kushonea, unaopitisha mwanga. Ncha yake imo ndani inapima mgandamizo na joto. Huku nje mashine inaonyesha namba mbili. Joto thelathini na saba, mgandamizo kumi na moja.

"Bibi, mgandamizo ukivuka ishirini tunaweza kumfungua tena," muuguzi aliniambia. "Huo uzi usiuguse."

"Nina miaka arobaini kwenye nyuzi, mwanangu."

"Ndiyo maana nakuonya."

Akacheka, akatoka. Nikakaa. Nikasimama. Nikanyoosha shuka ambayo haikuwa na kunjo, nikahesabu vigae vya ukutani, nikakaa tena. Na uzi ule umelegea, unachezacheza kando ya mto. Je, mtu akipita akaunasa? Nikachomoa pini kwenye khanga yangu, nikaukunja mara mbili, nikaubana kwenye foronya, nikafunika na pembe ya shuka. Kazi safi.

Mgandamizo kumi na tisa. Ishirini na nne. Mashine ikaanza kulia.

Daktari akaja mbio, akammulika macho binti yangu. "Mboni ziko sawa, lakini namba hii siipendi. Waambieni chumba cha upasuaji wajiandae."

Nikaenda mlangoni, nikarudi. Nikisema, watanifukuza, abaki peke yake. Nisiposema, wanampasua mwanangu bure. Na kama si pini? Kama ni uvimbe kweli, nami nawachelewesha? Nikasikia breki za kitanda zikifunguliwa, ka!

"Ngojeni! Nimeubana na pini."

"Umebana nini, Bibi?"

"Huo uzi. Niliona unaning'inia."

Muuguzi akafunua shuka, akachomoa pini, akaunyoosha uzi polepole. Ishirini na tano. Kumi na nane. Kumi na mbili. Daktari akatazama saa yake, akangoja, akangoja tena, mimi nikitafuna ncha ya khanga.

"Ukiukunja, mwanga haurudi sawasawa," akasema mwishowe. "Mashine inasoma uongo. Fungeni breki. Tutamwangalia hapa hapa."

Nikachukua mkoba wangu, najua safari imefika. Muuguzi akaninyang'anya, akasogeza kiti mbali na mto.

"Unakwenda wapi? Kaa hapo. Pini nabaki nayo."

Siku ya tatu walimtoa uzi ule, wakampunguzia dawa. Akafumbua macho, akanitazama kitambo.

"Mama," sauti imekauka, "mbona umeikalia mikono?"

"Haina adabu," nikamwambia. "Lala."