Mahema ya Miavuli

Hamdani alikuwa fundi wa maturubai pale Kamembe, wilayani Rusizi, na malori mengi yanayovuka kwenda Bukavu hufunikwa kwa kazi ya mikono yake. Siku moja mwezi wa nne, Ingabire aliingia dukani kwake na ramani iliyokunjwa.

Ingabire aliongoza kikundi cha wanawake sita wapiga kasia. Walikuwa wakipanga safari ya siku nne kwa kayaki, kufuata ufuko wa ziwa Kivu kutoka Kamembe hadi Karongi. Wangelala Shangi, kisha Kirambo, kisha Gishyita. Asubuhi wangepiga kasia, na mchana upepo ukianza wangetoka majini.

"Papa Hamdani, utushonee mifuko tu," alisema. "Ya kuweka manguo, maji isiingie. Matenti tutakodi Kigali."

Hamdani aliacha cherehani. "Batu ba Kigali banajua nini juu ya mvua ya hapa kwetu? Mimi nitabashonea."

"Tenti ya bashi, hii turubai ya malori, ni nzito, Papa. Kayaki haiwezi kuibeba."

"Unipatie wiki mbili. Yangu ikivuja, mukodi ya Kigali."

Ingabire alisita, akakubali.

Hema la kwanza alilishona kwa turubai, na lilikuwa imara kama ukuta. Mkewe, Maman Shimwa, alijaribu kulinyanyua akalitua pale pale. "Hii funika nayo lori, Papa Shimwa," alisema, akafungua mwavuli wake akatoka kwenda sokoni, maana mvua ilikuwa inanyesha.

Hamdani alibaki akiutazama ule mwavuli ukiteremka barabarani. Kitambaa chepesi namna ile, na maji yanateleza juu yake. Kesho yake alizunguka soko zima la Kamembe akinunua miavuli iliyovunjika. Wauzaji walimcheka. Aling'oa vyuma, akafua vitambaa, akaunganisha kumi kuwa hema moja, jeusi lenye vipande vyekundu. Sakafu tu ndiyo aliitengeneza kwa turubai.

Mvua ya kwanza ilimwaibisha: maji yalipenya kwenye kila tundu la sindano. Usiku huo hakula vizuri. Asubuhi alikwenda Gitambi, kwa mzee mmoja mfuga nyuki, akarudi na donge la nta. Alifumua mishono yote, akaikunja mara mbili, akaishona upya kwa uzi uliopakwa nta.

Ingabire alirudi siku ya kumi na nne akiwa na wenzake wawili. Mawingu yalikuwa tayari yameshuka juu ya ziwa. Hamdani alisimamisha hema uani, akaingia na mkeka wake, akafunga mlango. Mvua ikamwagika, ile ya Rusizi isiyosikilizana na mtu. Wanawake walijibanza barazani. Uani maji yalitiririka kama mto.

"Papa Hamdani!" Ingabire aliita. "Uko sawa?"

Adhana ya alasiri ilikuwa imesikika, naye ndani ya hema alikuwa anasali. Alipogusa mkeka kwa paji la uso, ulikuwa mkavu.

Mvua ilipopungua alitoka. Kanzu yake haikuwa na tone. Ingabire aliingia, akapapasa kila mshono kwa kiganja. Kisha alilikunja hema, akalibeba kwa mkono mmoja, akacheka.

"Tunataka tatu," alisema. Alitoa karatasi ya mpango wao na palipoandikwa Kigali akapapiga mstari, akaandika jina la fundi.

Mwisho wa mwezi wa tano, kayaki sita ziliingia majini asubuhi na mapema, mahema yamekunjwa na kufungwa juu yake. Hamdani alivaa kofia yake mpya, akasimama ufukweni pamoja na Maman Shimwa. Mgeni mmoja aliyekuwa akipiga picha aliuliza vile vifurushi vyeusi na vyekundu vilinunuliwa nchi gani.

Maman Shimwa ndiye aliyewahi kujibu. "Hapa hapa, Kamembe," alisema, akamshika mumewe begani. "Na fundi ni huyu."