Miche ya Chini ya Goti

Alipofika tuta la tatu, vidole vya Nuhad vilikuwa vimekufa ganzi kwa uzito wa madumu mawili. Akayatua juu ya jivu lililoshikana kama sakafu, akapuliza viganja, akapiga magoti. Mche ule ulikuwa na majani machache membamba kama sindano, umezungushiwa mawe ili jua la Agosti lisiuchome shina. Akaumwagilia taratibu kwa kikombe cha kahawa. Maji yalizama hata kabla hayajang'aa.

Juu yake ilisimama misonobari ya ukoo wa marehemu mumewe, yote myeusi. Moto uliipitia kiangazi cha mwaka jana, alasiri moja tu. Kokwa za miti ile, zinazoliwa na kuuzwa ghali, ndizo zilizomsomesha mwanawe Nadim mpaka akapata kazi Abidjan, na ndizo zilizonunua dawa za mumewe mpaka dawa ziliposhindwa. Baada ya moto Nuhad aliokota koni, yale matunda makavu yenye kokwa, zilizosalia ukingoni, akaotesha mbegu uani ndani ya makopo ya maziwa ya mgando. Theluji ilipoyeyuka akaanza kupanda, tuta kwa tuta.

Aliporudi chemchemini kuchota tena, alikuta mnyororo umezungushwa kwenye bomba. Milad, mlinzi wa halmashauri, alikuwa amekaa ukutani anakula tini.

"Leo hamna, Mama Nadim."

"Imekauka?"

"Imefungwa. Maji ya kunywa tu, asubuhi. Ya kumwagilia marufuku."

"Na bustani ya mheshimiwa mwenyekiti inanywa nini, kahawa?"

Milad alitema ganda la tini. "Mimi nimepewa ufunguo, sikupewa maswali." Kisha akashusha sauti. "Nenda kaongee naye, mama. Si unajua anachotaka?"

Alijua. Kijiji kizima kilijua. Nyuma ya kilima, shemeji wa mwenyekiti wa halmashauri alikuwa amenunua mteremko wa mawe ili afungue machimbo, na malori hayakuwa na pa kupita isipokuwa matuta ya chini ya Nuhad. Lakini sheria ilikataza barabara kukata msitu.

Akaenda na wifi yake, Jamile, dada wa marehemu, aliyekuwa akiishi naye. Mwenyekiti Edmon aliwapokea barazani, akaagiza kahawa.

"Mama Nadim, wewe ni dada yangu. Jeneza la mumeo nililibeba kwa bega hili hili."

"Mungu akulipe. Naomba maji, mheshimiwa. Mpaka mvua tu."

"Maji ya watu wote nikupe wewe peke yako? Watu watasema nini?"

"Watasema yale yale wanayosema wakiona majani yako yalivyo kijani," alidakia Jamile.

Edmon alicheka, kama mtu anayemcheka mtoto. "Jamile, Jamile. Ndiyo maana hukuolewa." Akamgeukia Nuhad. "Sikiliza, dada. Ule si msitu tena, ni mkaa uliosimama. Ruhusu njia ipite, na ufunguo wa bomba uwe wako."

"Nikiruhusu njia ipite, nitamwagilia nini?"

"Na usiporuhusu, utamwagilia kwa nini?"

Kahawa ikaletwa. Nuhad akainywa, maana kuikataa kungekuwa tusi.

Tangu siku hiyo walibeba maji ya kuoshea vyombo. Jamile alioga ndani ya beseni, akilalamika kwamba hata misonobari sasa itanuka kwapa lake, kisha akaliinua beseni lenyewe na kupanda nalo. Nadim alipiga simu. "Mama, unampandia nani? Mimi sirudi huko." Nuhad akamwambia mtandao ni mbaya, hasikii, akakata. Alikaa na simu mapajani mpaka Jamile alipomwita akale.

Miche mingi ilikufa. Mingine ilikataa kufa.

Septemba alikuja ofisa wa misitu kutoka Beirut, akiongozana na Edmon. Alikuwa kijana mpole. Nuhad alimtembeza tuta hadi tuta, akamfunulia mche mmoja mmoja kama anayemwonyesha watoto waliolala. Ofisa aliinama, akagusa majani, akasema ni kazi nzuri sana. Kisha akasimama na kujifuta mikono.

"Samahani, mama. Kwa kanuni zetu, mti ni ule uliopita goti. Wa chini ya hapo hauhesabiki."

"Mwaka wa mbele itapita."

"Nimetumwa kukagua mwaka huu."

"Na hii mikubwa?"

"Iliyokufa ni kuni."

Nuhad alimtazama Edmon. Edmon alikuwa anatazama mandhari.

Katapila lilikuja kabla ya mwezi kuisha. Nuhad alisimama mbele yake kwenye tuta la chini, Jamile pembeni akiwatukana madereva na mama zao. Milad akamshika Nuhad kiwiko.

"Wamekuja na askari, mama. Usinifanye nikuburute."

Akasogea. Hakulia. Ukuta wa mawe aliojenga baba mkwe wake ulianguka kwa kishindo kimoja, na miche iliyokuwa nyuma yake haikuonekana hata ilikoelekea.

Malori yakaanza. Vumbi lilipanda mlima, likatua juu ya miche ya matuta ya juu, likaingia ndani ya nyumba, kwenye mkate, mpaka barazani kwa mwenyekiti. Mkewe akaanza kukohoa. Ndipo gari la maji lilipoonekana kijijini. Lilijazwa chemchemini, likashuka polepole kwenye njia mpya likinyunyiza pande zote mbili, kila siku kabla ya malori.

Nuhad aliteremka mbio, dumu mkononi. "Nijazie hili moja tu, mwanangu!"

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Haya ni maji ya barabara, mama. Wakiniona nitafukuzwa."

Gari likapita. Maji ya kahawia yakabaki kwenye alama za magurudumu, yakianza kuzama. Jamile alishapiga magoti katikati ya njia, amevua kitambaa cha kichwa, anakichovya kwenye tope na kukikamulia kwenye dumu. Nuhad akavua chake, akapiga magoti upande wa pili.

Nyuma yao lori lilisimama na kuanza kupiga honi.

"Ondokeni barabarani!" dereva alipiga kelele. "Nyie wanawake, mmepoteza nini hapo?"

Hawakuinua vichwa. Waliendelea kukamua.